Kwa nini tuzidishe figo za mtu mweusi kwa 1.159?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa udaktari hapa Mwanza. Kwenye somo la figo tulifundishwa kukadiria kasi ya uchujaji kwa kutumia kreatinini, na mwisho wa fomula kuna mstari unaosema: kama mgonjwa ni mweusi, zidisha kwa 1.159. Wodini karibu wagonjwa wote ni weusi, kwa hiyo tunazidisha kila siku. Nilipouliza sababu nikaambiwa watu weusi wana misuli mingi. Mwenzangu mmoja anasema huo ni ubaguzi wa rangi uliojificha vitabuni. Mwingine anasema sayansi haina rangi, tusilete siasa darasani. Nani yuko sahihi? Na kwenye mtihani niandike nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalomhusu mgonjwa, kwa sababu kesho asubuhi utakuwa raundi: usizidishe. Mstari huo umeshaondolewa. Mwaka 2021 jopo la vyama viwili vikubwa vya figo vya Marekani lilipendekeza usitumike tena, na watafiti wa kundi lilelile lililotoa fomula ya 2009 wakatoa nyingine isiyouliza rangi ya mtu. Kama kitabu chako au programu ya simu yako bado inakuuliza "mweusi au si mweusi", unatumia toleo lililopitwa.

Sasa tuje kwa wenzako wawili. Yule wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, lakini yule wa pili anastahili kujibiwa kwa ukamilifu, maana hoja yake inapendeza masikioni na utaisikia tena kwa watu wenye vyeo vikubwa kuliko vyake.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo huichuja ikatoka na mkojo. Ikipanda kwenye damu, huenda figo zimechoka, huenda mtu ana misuli mingi, huenda alikula nyama nyingi. Ukitaka kujua kwa hakika figo zinachuja kiasi gani, inabidi umchome mgonjwa dutu kama iohexol, kisha umtoe damu mara kadhaa kwa saa kadhaa uone dutu hiyo inavyopungua. Hakuna wodi inayoweza kumfanyia hivyo kila mgonjwa, ndiyo maana tunakadiria. Fomula iliyosambaa duniani ilitoka Marekani mwaka 1999, ikaitwa MDRD. Watafiti waliona kwamba katika kundi lao Wamarekani weusi walikuwa, kwa wastani, na kreatinini ya juu kidogo kuliko weupe wenye uchujaji uleule. Wakaweka kizidisho cha karibu 1.2. Mwaka 2009 ikaja CKD-EPI, kizidisho kikashuka hadi hicho unachokijua. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayohayo uliyopewa darasani: misuli.

Lakini itazame fomula yenyewe. Haina mahali pa kuandika misuli ya mgonjwa. Ina mahali pa kuandika rangi yake tu. Na walijuaje nani mweusi? Katika utafiti wa 1999, wafanyakazi wa utafiti ndio waliompanga kila mshiriki kwenye kundi lake, bila vigezo vilivyoandikwa. Waandishi wenyewe walieleza kwamba huenda ilifanyika kwa kuangalia ngozi. Ni sawa na kukadiria uzito wa pamba kwa kumtazama mkulima usoni wakati mizani ipo.

Ona basi inavyofanya kazi wodini. Mama wa Kwimba, mwembamba, mkulima wa mpunga, ana presha ya muda mrefu. Bila kizidisho, fomula inampa uchujaji wa 55, yaani mililita kwa dakika. Uchujaji ulio chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo, kwa hiyo mama huyu anapaswa kupimwa protini kwenye mkojo, presha yake idhibitiwe kwa makini zaidi, na aambiwe aache vidonge vya maumivu anavyonunua dukani kila wiki. Zidisha kwa 1.159: anapata karibu 64. Anaambiwa figo zake hazina shida, anarudi nyumbani. Mwingine ana virusi vya Ukimwi na uchujaji wake ni 45. Ukizidisha anapata 52, na hapo anavuka mpaka wa 50 ambao chini yake tunakuwa waangalifu sana na tenofovir, dawa inayoweza kuumiza figo. Kizidisho hakikubadilisha chochote ndani ya figo za watu hawa. Kilibadilisha maamuzi yetu juu yao.

Huko kilikotoka kiliumiza pia. Marekani mgonjwa huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri kupandikizwa figo uchujaji ukifika 20 au chini ya hapo. Mtu mwenye 18 akizidishiwa anaonekana ana karibu 21, foleni inamkataa. Mwaka 2023 Marekani ilianza kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa kusubiri walioupoteza kwa sababu ya fomula hiyo. Mfumo mzima wa nchi haurudishi muda wa watu kwa sababu ya siasa za darasani. Unaurudisha kwa kuwa hesabu ilikuwa na kosa, na kosa lile liliangukia watu wa rangi moja.

Turudi kwenye misuli. Wewe unaishi Mwanza, una macho. Kijana anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba na bibi wa Misungwi aliyekonda kwa ugonjwa wote ni weusi. Misuli yao inafanana wapi? Kwa kijana yule kreatinini inaweza kupanda huku figo ni nzima. Kwa bibi yule inaweza kubaki chini huku figo zimeshaharibika, kwa sababu hana misuli ya kuizalisha. Yeye ndiye anayehitaji tahadhari zaidi, na yeye ndiye fomula ilimwongezea namba. Kisha kitanda cha tatu kuna mzee wa asili ya Kihindi, babu yake alifika kanda hii enzi za biashara ya pamba, naye amezaliwa Mwanza na Kisukuma anakiongea vizuri. Kitanda cha nne kuna dada ambaye baba yake ni Mwarabu na mama yake ni Mkerewe. Yule mzee hazidishiwi. Dada je? Fomula haina jibu. Jibu linatoka kwa intani wa zamu, kwa jinsi atakavyomwona siku hiyo. Ukiona kipimo cha hospitali kinategemea nani yuko zamu na anaonaje sura za watu, ujue hapo hakuna kipimo.

Kwa mwenzako wa pili, anayetaka sayansi, mpe sayansi. Swali la kisayansi lilikuwa jepesi: je, kizidisho hiki kinafanya kazi kwa Waafrika walioko Afrika? Watu walipima. Utafiti wa Kinshasa na Abidjan uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba fomula haikuhitaji kizidisho hicho. Mwaka 2022 ukachapishwa mkubwa zaidi, uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na jirani zetu Uganda, ambapo uchujaji halisi ulipimwa kwa iohexol. Fomula za kreatinini zilionyesha figo nzima kuliko zilivyo, na kizidisho cha rangi kilizidisha kosa. Maana yake wagonjwa wa figo Afrika ni wengi kuliko tulivyokuwa tukihesabu. Kwa zaidi ya miaka 10 namba ile ilifundishwa kwa vijana wa Kiafrika kama jambo lililothibitishwa juu ya miili yao, kumbe weusi waliopimwa walikuwa Wamarekani, na sisi tuliingizwa kwa kufanana rangi nao. Anayetetea sayansi angeanza kulalamika hapo.

Nikuulize sasa swali linalonisumbua zaidi. Kwa nini ilipokelewa kirahisi hivyo? Profesa akisema kwamba wanaume wote wanaoitwa Juma wazidishiwe kwa 1.159, darasa zima litauliza ushahidi. Akisema weusi wazidishiwe, kalamu zinaandika. Tumezoeshwa, na mazoea hayo yana historia ndefu ndani ya vyuo vikuu na maabara, wala hayakuanzia mitaani.

Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Aliupa jina la Kigiriki ili uonekane wa kitaalamu. Huyohuyo alitumia spiromita, mashine ya kupima pumzi, kudai mapafu ya watu weusi yana uwezo mdogo kwa karibu asilimia 20, na kwamba kazi ya shambani inawafaa kiafya. Wazo la mapafu madogo ya mtu mweusi halikufa naye. Liliingia kwenye mashine za kupima pumzi zikiwa na marekebisho ya rangi, na ni mwaka 2023 tu ndipo chama kikuu cha wataalamu wa mapafu wa Marekani kilipopendekeza vipimo visivyotazama rangi. Fikiria mtu wa migodini Geita aliyejaa vumbi kifuani: mashine inamwambia pumzi yake ndogo ni ya kawaida kwa watu wa aina yake.

Usidhani mambo haya yalibaki ng'ambo. Nairobi, mwaka 1934, mtaalamu wa patholojia F. W. Vint alichapisha utafiti wa ubongo wa Waafrika wa Kenya, akahitimisha kwamba ubongo wa Mwafrika wa kawaida umefikia hatua ya mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Alichapisha kwenye jarida la kisayansi lenye heshima. Miaka ya baadaye J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Katika kazi zake alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kumbuka mwaka huo: kuna wazee mitaani Mwanza waliokuwa wamezaliwa tayari. Na upande ule mwingine wa ziwa, Makerere, vijana wa Tanganyika waliosomea udaktari walikuwa wakirudi nyumbani na cheo cha msaidizi, chini ya daktari wa Kizungu hata kama ni kijana mwenzao. Mafunzo ya Makerere hayakutambuliwa kikamilifu na baraza la madaktari la Uingereza hadi mwaka 1957. Wakati huohuo shule za Tanganyika ziligawanywa tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, mpaka Uhuru ulipozikuta na kuziunganisha.

Sisemi waliotengeneza fomula ya 1999 ni ndugu wa Cartwright. Ninaamini walitaka kupata makadirio mazuri zaidi kwa wagonjwa wao. Ndiyo maana mwenzako wa kwanza anapaswa kulisema jambo lake kwa uangalifu: ubaguzi hapa haukuhitaji mtu mwenye chuki. Ulihitaji tu mazoea ya kuona rangi kama maelezo yanayojitosheleza, ili mtu asiendelee kuuliza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe kuhusu miili ya watu weusi. Karibu nusu walikubali angalau dai moja la uongo, kama lile la ngozi ya mtu mweusi kuwa nene zaidi, na wenye imani hizo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hawa walikuwa watu waliochaguliwa, wamefaulu mitihani, wamesoma biolojia kwa miaka mingi.

Na sisi tusijitoe haraka. Nimesikia madaktari wenzangu weusi wakisema wodini kwamba watu wa visiwani ni wagumu, hawahitaji dawa ya maumivu nyingi. Wazo hilo limevaa nguo nyingine, lakini ni lilelile.

Kuna hatari ya upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wanafunzi wenye moyo kama wako huwa wanateleza. Mtu akishaelewa kwamba kundi la rangi si kipimo cha mwili, anaweza kuamua asiitazame ngozi kabisa. Usifanye hivyo. Rangi ya ngozi ni kitu halisi. Ile mashine ndogo ya kubana kidoleni ya kupima oksijeni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi yenye melanini nyingi huubadilisha mwanga huo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulichukua wagonjwa ambao mashine iliwaonyesha asilimia 92 hadi 96, wakapimwa damu ya mshipa wa ateri. Oksijeni ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 ya weupe. Zingatia kwamba hapa kosa liko kwenye mashine iliyotengenezwa na kujaribiwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Kwa hiyo mtoto wa Ukerewe mwenye nimonia, anayevuta mbavu ndani, pua zikicheza, usimwache kwa sababu kidole kimeandika 93. Mwangalie mtoto.

Hivyohivyo kwa vitabu vya picha. Upele wa surua mwekundu, midomo ya bluu, mtoto mchanga "wa waridi" kwenye alama za Apgar, zile za kupima hali ya mtoto anapozaliwa: maelezo hayo yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwetu tazama ulimi, fizi, viganja, nyayo, sehemu ya ndani ya kope. Wakunga wetu wanalijua hili bila kitabu, na nakushauri ukae nao zamu za usiku uwaulize, maana elimu yao haijaandikwa vya kutosha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni selimundu, kwa sababu uko mlangoni petu. Vitabu vingi vya Magharibi viliuita ugonjwa wa watu weusi. Lakini Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akakuta wenye chembe moja ya urithi wa selimundu wanazidi asilimia 20 karibu na Ziwa Victoria na pwani, huku kwenye nyanda za juu na sehemu kame wakiwa chini ya asilimia 1. Wote hao ni weusi. Tofauti ilikuwa mbu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba urithi huo unamkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana selimundu ipo pia India, Uarabuni na Ugiriki. Ukiuliza "ni mweusi?" hujajua lolote. Ukiuliza "wazazi wake wanatoka wapi, na huko malaria ilikuwaje?" umeanza kujua. Na ukimpima damu, umejua.

Basi kwa mgonjwa wako wa figo, mahali palipoandikwa rangi andika mambo yenye kazi: uzito, amekonda au hapana, anakula nini, presha, sukari, virusi vya Ukimwi, dawa za kienyeji na za dukani. Muulize kichocho pia, hasa kile cha mkojo kwa watu wa bara, mbali na ziwa, walioshinda mabwawani na majarubani utotoni, kwa sababu kinaweza kuziba njia ya mkojo na kuharibu figo taratibu. Mwembamba sana usiiamini kreatinini peke yake; kama sistatini C, kipimo kingine cha damu, inapatikana, itumie, kwa sababu haitegemei sana misuli. Na fomula ya 2021 nayo usiipigie magoti. Haina rangi, ndiyo, lakini bado imetokana na miili ya Wamarekani, na kwetu huenda inaonyesha figo nzima kuliko zilivyo.

Namba za kwetu tutazipata tukipima wenyewe, na Mwanza inaweza. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa, kazi ya watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), shirika la afya la AMREF na wenzao wa London. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa karibu asilimia 40 kule matibabu yalikoboreshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na dunia nzima ikayasoma. Kutafuta fomula ya figo inayowafaa watu wa kanda hii ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Umeniambia uliuliza darasani ukajibiwa kwa sentensi moja. Uliza tena, kwa adabu, ukiwa na zile tafiti mbili za Afrika nilizokutajia mkononi. Hospitali moja kubwa ya Boston iliacha kizidisho hicho mwaka 2017, miaka 4 kabla ya jopo, na miongoni mwa waliosukuma jambo hilo nchini Marekani walikuwa wanafunzi wa udaktari, watu wa umri wako, walioambiwa vilevile kwamba ni misuli.

Kwenye mtihani andika hivi: makadirio kwa CKD-EPI ya 2021, bila kizidisho, na kama swali limekupa fomula ya 2009 likakulazimisha, kokotoa kwa njia zote mbili, onyesha majibu yote, kisha eleza kwa sentensi mbili kwa nini unafuata lile lisilo na rangi. Msahihishaji mwaminifu hatakunyima alama. Halafu kabla ya Ijumaa nenda maabara ya hospitali, mwombe fundi akuonyeshe mashine yao inatoa majibu ya uchujaji kwa fomula gani. Ikiwa bado ina kizidisho, mpelekee taarifa mkuu wa idara kwa maandishi, na uweke nakala.